Demani kusini: mimi na mume wangu, kwa tanga na baiskeli kutoka Mikindani hadi Lindi (uzi mrefu)

BintiMitengo:

Wanajamvi, salaam.

Kila mtu akiuliza humu kusini kuna nini cha kutembelea, jibu ni Msimbati. Anaambiwa akapige picha kwenye mchanga mweupe, basi. Msimbati ni pazuri, sipingi. Ila ipo namna nyingine ya kuuona ukanda huu wa pwani, haihitaji gari wala hoteli kubwa, na inawafaa sana watu wawili waliooana ambao kazi na watoto vimewachosha: maji yakijaa mnatweka tanga, yakikupwa mnapanda baiskeli, ratiba mnaiachia bahari. Likizo iliyopita mimi na mume wangu tulikwenda hivyo, polepole, kutoka Mikindani mpaka Lindi. Nitaandika vipande vipande, mnivumilie.

La kwanza ni majira. Kusi, upepo wa kusini, likiwa na nguvu zake, Mei mpaka Agosti, bahari ya nje si ya kuiendea na chombo kidogo kwa matembezi. Kaskazi, upepo wa kaskazini, ikishashika Desemba, mvua nazo zimefika na njia za udongo zinateleza. Hapo katikati, Septemba mwishoni, Oktoba, Novemba ya mwanzo, ndiyo demani. Kusi limechoka. Alfajiri unavuma upepo uitwao umande kutoka nchi kavu, jua likipanda unakata, bahari inalala kidogo, halafu mchana upepo unageuka na kutoka baharini. Anayejua hayo hutoka na umande, akarudi na upepo wa mchana, kasia hajaligusa.

La pili ni sisi wenyewe. Mimi ni mzaliwa wa Mikindani, baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mvuvi, na utotoni nilishika usukani wa ngalawa kabla sijajua kusoma vizuri. Nilipovunja ungo nikaambiwa chomboni basi. Mume wangu ni mtu wa Newala. Wanaoijua nchi ile wanajua shida ya maji ya uwanda wa Makonde: kijiji kiko juu, maji yako bondeni. Amekua anapandisha madumu ya maji kwa baiskeli, anaisukuma mlima mzima. Bahari aliiona akiwa mkubwa, na miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kukaa chomboni kwa raha tu. Kwa hiyo tulipatana: majini namfundisha mimi, barabarani ananiongoza yeye.

KolekoleMbichi:

Dada umeanza vizuri, usituache njiani. Mtu wa Newala kwenye ngalawa, hiyo nataka kuisikia mpaka mwisho.

Mjukuu wa Masasi:

Nimeweka kiti. Swali tu la mapema: hamkuwa na watoto?

BintiMitengo:

Mjukuu wa Masasi, watoto wako shule ya bweni, tulipanga safari kabla hawajafunga. Naendelea.

Tulianzia nyumbani kwetu Mikindani. Kutoka Mtwara mjini ni kilomita kama kumi za lami, na ukienda kwa baiskeli unapata nafasi ya kuitazama ghuba inavyojifungua mbele yako. Ghuba ya ndani ya Mikindani ni karibu duara. Mlango wa kutokea nje ni mwembamba, pembeni mikoko, kwa hiyo hata siku ambayo huko nje mawimbi yanavunja, humo ndani maji yametulia kama yamo mtungini. Wageni wengi wakiyaona mara ya kwanza huuliza kama ni ziwa. Kwa anayejifunza tanga sijaona mahali bora pwani yote hii.

Habari za mji nazipita haraka maana wengi mnazijua: Livingstone alishukia hapa 1866 akianza safari yake ya mwisho ya bara, Wajerumani wakajenga Boma mwaka 1895, leo Boma hilo ni hoteli. Nyumba za mawe zenye milango ya nakshi nyingine zimesimama, nyingine zimebaki kuta na mti umeota ndani, na kila nikirudi naona moja imezidi kubomoka. Jambo hilo linaniuma. Lakini safari hii nilitaka mume wangu auone mji kutoka majini, kama tulivyouona sisi watoto wa wavuvi: kwanza misikiti, halafu minazi, halafu Boma juu ya kilima, nyumba zinajitokeza moja moja kadiri chombo kinavyosogea.

Tulikodi ngalawa ya jirani. Watu wa bara hudhani ngalawa mtu anapanda na kukaa. Chombo cha watu wawili hakina abiria. Mmoja yuko tezi, yaani nyuma, na usukani na kamba ya tanga, wa pili ndiye uzito. Upepo ukiongezeka anasogea nje kwenye tengo, ule mti wa pembeni, upande wa joshi, yaani unakotoka upepo, ukipungua anarudi ndani, na anafanya hivyo kabla hajaambiwa, kwa kuusikia upepo shingoni. Kugeuza ndiko kugumu. Tanga linahama upande, kwa muda huo chombo hakina nguvu, na kila mmoja awe ameshajua mkono wake uende wapi. Mwanzoni mume wangu alikuwa ananitazama usoni asubiri amri. Nikamwambia, "Baba watoto, usinitazame mimi, tazama maji mbele yako. Yakifanya weusi, upepo unakuja." Jioni ile ile alikuwa anahama mwenyewe, mimi sijafungua mdomo. Sijui niwaelezeje furaha niliyokuwa nayo. Tumekaa nyumba moja miaka mingi, tunagawana ada na umeme na wagonjwa, lakini kushika kitu kimoja kinachokwenda, wawili, bila kusemeshana, hilo lilikuwa jipya.

Sasa ratiba ya bahari, hapa msome taratibu. Mwezi ukiwa mpevu, na ukiwa mwandamo, ni bamvua: maji yanajaa sana na kukupwa sana, tofauti inapita mita tatu. Siku za bamvua kwenye pwani yetu maji hukupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi, na hujaa kwenye saa kumi jioni. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo yanageuka, asubuhi kujaa, alasiri kupwa, na bahari haiendi mbali. Kila siku saa zinasogea mbele kwa dakika kama hamsini. Ukishika hilo tu, umepanga likizo nzima. Bamvua: asubuhi baiskeli ufukoni, jioni tanga. Maji mafu: asubuhi tanga.

Baiskeli ufukoni ni pale maji yanapotoka tu. Mchanga uliolowa ni mgumu, unakwenda kama lami. Mchanga mkavu wa juu unazamisha tairi hata ukanyage vipi. Tulivuka kwenda Msangamkuu kwa pantoni kutoka Mtwara tukiwa na baiskeli zetu, asubuhi ya bamvua, tukaendesha ukingoni mwa maji huku akina mama wakiokota pweza na chaza kwenye miamba iliyoachwa wazi. Mume wangu alipunguza upepo kidogo kwenye matairi, ikasaidia sana. Saa tano jua lilikuwa kali, tukakaa chini ya mkorosho, tukanunua madafu, tukalala. Ndiyo, tulilala, mchana kweupe, watu wazima. Hatukuwa tunakimbilia kitu.

baharia_wa_bara:

Hapo kwenye dakika hamsini ndipo nilipokuwa sipaelewi miaka yote. Ahsante sana dada. Nimefanya kazi bandarini Mtwara na hakuna aliyewahi kunieleza hivyo.

Fundi Keria:

Mimi ni fundi baiskeli. Ufukoni na baiskeli mbona mtaziua? Maji ya chumvi yakiingia kwenye bearingi na cheni, mwezi mmoja tu kutu.

BintiMitengo:

Fundi Keria, nimemsomea mume wangu swali lako, amekaa hapa pembeni, anasema una haki na anakuagiza salamu. Alivyofanya: kabla ya safari alijaza grisi mpya kwenye ekseli zote na kwenye pedali. Kila jioni, hata tukiwa tumechoka vipi, alizimwagia baiskeli maji baridi ya kisima, siyo kwa nguvu, anazipangusa kwa kitambaa, anapaka oili kwenye cheni. Baiskeli zetu ni zile nzito za keria, hazina gia, kwa hiyo vitu vya kuharibika ni vichache. Chomboni aliifunga cheni kwa kitambaa chenye oili, juu yake mfuko wa nailoni. Zilifika Lindi salama.

Sasa Sudi, kijiji cha ghubani kati ya Mikindani na Lindi.

Kutoka Mikindani kwenda Sudi kwa bahari huwezi kutumia ngalawa na baiskeli mbili na mizigo. Tulikwenda na mashua ya baba yangu mdogo, nahodha wa siku nyingi ambaye bado anasafirisha vitu vidogo vidogo kati ya vijiji. Na hapa niseme jambo kwa uzito wote: bahari ya nje msiende wenyewe kwa kuwa mmejifunza siku chache ndani ya ghuba. Nendeni na nahodha anayeijua njia, chombo kilichokaguliwa, jaketi za kujiokolea mmezivaa siyo mmezikalia, na jana yake msikilize taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakitangaza upepo mkali na mawimbi, safari inaahirishwa. Sisi tuliahirisha, tukakaa Mikindani tunakula samaki, hakuna aliyenuna.

Tulitoka asubuhi mapema, siku chache baada ya mwezi mpevu. Maji yalikuwa yameanza kutoka, umande unavuma, vyote viwili vinatusukuma kwenye mlango wa ghuba. Baba mdogo alimkabidhi mume wangu kamba ya tanga bila maneno. Kwa mtu wa Mikindani hiyo ni heshima, na nilimwona mume wangu ameielewa, maana aliinuka akakaa vizuri.

Nje, mnapinda kaskazini magharibi, nchi kavu inabaki mkono wa kushoto. Miamba, vichaka, kijiji, mikoko, tena miamba. Kwenye saa nne umande ukakata. Tanga likalegea, foromali, mti unaoshika tanga, ikawa inalia kidogo kwa mawimbi ya chinichini. Mume wangu akauliza kama tupige kasia. Baba mdogo akasema, "Mkwe, upepo una miguu yake. Kula." Akatoa ming'oko, mizizi ya porini, iliyochemshwa, imenyunyiziwa chumvi na pilipili, tukala.

Ndipo tukawaona nyangumi. Kwanza tulisikia pumzi, mbali upande wa bahari kuu, halafu mvuke ukapanda. Mkubwa na mtoto wake. Huja kwenye maji yetu ya joto kuzaa miezi ya kusi, na kufikia Oktoba na Novemba mama na mtoto huwa wanaanza kurudi kusini kwenye baridi. Mama alikuwa anajitokeza mgongo tu, mtoto ndiye aliyekuwa anarukaruka. Hatukuwasogelea, na upepo wenyewe haukuwepo wa kuwasogelea. Nimezaliwa pwani na nilikuwa nimewaona utotoni, lakini kuwaona nikiwa na mume wangu pembeni ambaye hakuamini kama wapo Mtwara, hilo ni jambo jingine. Alinishika mkono, na mkono mwingine bado ameshika kamba. Baba mdogo akatazama upande wa pili.

Upepo wa bahari ulikuja kwenye saa sita, kwa nyuma yetu, mzuri, mashua ikaanza kukata maji. Tulipofika mlango wa Sudi maji yalikuwa yamekupwa, mbele yetu matope na mikoko imesimama kwenye mizizi yake. Tukatia nanga nje tukasubiri. Alasiri maji yakaanza kurudi, yanapanda kwenye mifereji ya mikoko kimya kimya, na mashua ikaingia nayo.

KolekoleMbichi:

Nimesoma hiyo ya nyangumi mara mbili. Sisi wavuvi tunawaona kila mwaka lakini hatuna desturi ya kukaa na wake zetu tukawaona pamoja. Umenipa wazo.

Mwl. wa Kitangari:

Dada BintiMitengo, hapo Sudi kuna historia kubwa ambayo vijana hawafundishwi. Machi 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, meli ya Wajerumani iitwayo Marie iliponyoka vizuizi vya Waingereza ikaingia ghuba hiyo hiyo ya Sudi imejaa silaha na risasi na dawa za jeshi la kamanda wao Lettow-Vorbeck. Shehena yote ikabebwa na watu, vichwani na mabegani, kwenda bara. Babu zetu ndio waliokuwa hao wabebaji.

BintiMitengo:

Mwalimu, shikamoo, na ahsante. Habari hiyo tulisimuliwa Sudi na mzee mmoja tuliyelala kwake, naye alisema hivyo hivyo: meli inakumbukwa jina, waliobeba hawakumbukwi. Nilikwenda nayo kichwani barabarani kesho yake, na niwaambie kwa nini.

Kutoka Sudi kwenda barabara kuu ni njia ya vumbi, inapanda na kushuka, mikorosho pande zote. Oktoba ndiyo msimu. Mabibo mekundu na ya njano yametapakaa chini ya miti, hewa yote ina harufu yake, tamu na kali kwa pamoja, na nyuki wamejaa. Familia nzima ziko chini ya miti, zinaokota, zinanyonyoa korosho kutoka kwenye bibo, zinaanika kwenye mikeka. Na njiani ni baiskeli. Gunia moja la korosho kwenye keria, wengine mawili, wanayapeleka ghala la chama cha msingi kusubiri mnada. Mtu anasukuma gunia kwenye kilima, jasho linamdondoka, anakusalimia kwa uchangamfu kabisa na kukuuliza mnatoka wapi, mnakwenda wapi, mbona hamna mzigo.

Mume wangu alikuwa mtu mwingine huko. Majini alikuwa ananisikiliza mimi, hapa nikawa mwanafunzi. Alinifundisha kutokanyaga kwa hasira kilima kikianza, kushuka mapema na kusukuma kabla pumzi haijaisha, kunywa maji kidogo kidogo, na kutangulia jua: tunatoka alfajiri, saa tano tuko kivulini. Kwenye kilima kirefu kimoja alishuka, akaacha yake chini, akaja kumsaidia kijana mmoja kusukuma gunia mpaka juu, akarudi kuchukua yake. Hakusema kitu. Nilijua anakumbuka madumu ya Newala. Na mimi nilikuwa nawakumbuka wale wa 1916, waliopita nchi hii hii na risasi kichwani kwa vita isiyowahusu, na sisi leo tumebeba nguo mbili tatu na sufuria.

Lami mkiifikia ni raha kwa magurudumu ila muwe macho. Malori na mabasi ya Mtwara na Lindi yanakwenda kasi, kaeni pembeni, vaeni nguo inayong'aa, msiendeshe usiku. Tulilala njiani kwenye nyumba ya wageni ya kawaida yenye chandarua na ndoo ya maji, ikatosha. Mnazi Mmoja ndipo njia zinapogawana, moja ya Masasi, moja ya Lindi. Pale tulipumzika, tukala wali na samaki, tukaziba pancha ya gurudumu la nyuma la kwangu kwa fundi wa chini ya mti. Kutoka hapo Lindi ni kilomita ishirini na kitu, na mnaanza tena kusikia harufu ya bahari kabla ya kuiona, maana mkono wa bahari unaingia ndani mpaka karibu na Mingoyo.

Mtazamaji Tu:

Nisamehe dada, mimi niseme ukweli. Hayo ni mambo ya wazungu. Mswahili mwenye hela ya likizo anakwenda Dar kuona ndugu au anajenga. Kuzunguka na mke kwa baiskeli juani watu watasema mmefilisika.

Mama Nuru wa Chuno:

Mtazamaji, wacha watu waseme. Mimi mume wangu hata sokoni hajawahi kufuatana na mimi. Nasoma uzi huu nalia.

BintiMitengo:

Mama Nuru, pole mdogo wangu. Nitakujibu pembeni, usiwe na haraka.

Mtazamaji Tu, sijakasirika, swali lako ni la wengi. Hapo Sudi mama mmoja aliniuliza kama tumeharibikiwa na gari. Nikamwambia tunatembea tu, mimi na mume wangu. Akanyamaza, halafu akasema wao walipooana walivuka kwa mtumbwi kwenda kwao mume, wawili tu, na tangu siku ile hawajapanda tena pamoja. Babu zetu walisafiri kwa tanga kutoka hapa mpaka Kilwa na Unguja. Baiskeli ndiyo iliyosomesha watoto wa uwanda wa Makonde. Tanga ni letu na baiskeli ni yetu. Tulichozoea ni kuvitumia kwa kazi tu, na mwanamke tukamwacha ufukoni anasubiri samaki. Mimi naona haki ya kufurahia bahari ya kwetu tunayo kama mtu mwingine yeyote, na ndoa inahitaji mahali pa kupumua. Kujenga tutajenga, na tunajenga.

Kuhusu gharama, sitaweka bei kwa sababu inategemea chombo, majira na unavyopatana. Kanuni yetu ilikuwa kukubaliana kila kitu kabla baiskeli haijapakiwa: nani analisha, nani analipa siku ya kusubiri upepo, na chombo kikishindwa kuingia tunashukia wapi. Mambo hayo mkiyazungumza nchi kavu, chomboni mnakaa kwa amani.

Sasa Lindi, kipande cha mwisho.

Lindi ni mji ambao Mtwara iliupokonya ukubwa. Makao makuu ya Jimbo la Kusini yalikuwa Lindi kabla ya kuhamishiwa kwetu, na ukitembea barabara za karibu na bahari unaona: majengo mapana ya zamani, miembe mikubwa, mitaa iliyopangwa kwa ajili ya shughuli nyingi kuliko zilizopo. Mimi ni wa Mtwara lakini nauonea Lindi mapenzi. Hauna papara. Ghuba yake ni pana, mto Lukuledi unamwaga maji humo, ng'ambo ni Kitunda yenye vilima vya kijani hata mwisho wa kiangazi.

Tulikaa hapo kuliko mahali pengine popote. Asubuhi tunavuka na pantoni kwenda Kitunda, baiskeli mkononi, tunazunguka vijijini, tunanunua muhogo na samaki wa kukaanga. Jioni maji yakijaa tunatoka na dau la kukodi, mwenye dau yumo, anatuachia usukani. Ghuba ya Lindi si kama ya Mikindani, upepo wa mchana unaingia moja kwa moja na vijiwimbi vinajikunja, kwa hiyo kwenda nje lazima ubishe, yaani uupande upepo kwa kupindapinda, huku na huku, huku na huku. Mume wangu alikuwa ameshaiva. Tulibisha na jua linazama nyuma ya mji, na mwenye dau akaniuliza, "Shemeji huyu ni wa Pemba?" Nikamjibu ni wa Newala. Akacheka, hakuniamini.

Kuna jioni tulikaa ufukoni mume wangu akaniuliza kuhusu mifupa ya Tendaguru, maana Newala pia wanaisikia. Kilima chenyewe kiko bara, kilomita kama sitini kaskazini magharibi ya Lindi. Kuanzia 1909 mpaka 1913 wataalamu wa makumbusho ya Berlin walichimba pale mifupa ya wanyama wakubwa wa kale, na msimamizi aliyejulikana zaidi kati ya wenyeji alikuwa Boheti bin Amrani. Mifupa ilifungwa, ikabebwa na wapagazi, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu, mpaka bandari hii hii ya Lindi, ikapakiwa melini. Yule mkubwa kuliko wote amesimamishwa Berlin, kimo chake kinapita mita 13. Mume wangu alikaa kimya, akahesabu kwa vidole vilima tulivyopanda kutoka Sudi. Akasema, "Mama watoto, sisi tulipanda na baiskeli tupu." Mpaka leo akiona lori la korosho huwa anayataja hayo. Mimi nadhani ungewekwa ubao mkubwa pale ufukoni Lindi, umetaja wapagazi, siyo mnyama peke yake.

Kurudi tulipanda basi, baiskeli zikafungwa juu. Kwa baiskeli ni kilomita mia na ushee na upepo wa mchana unakuwa usoni, hatukuona sababu.

Mjukuu wa Masasi:

Uzi bora. Swali: na Rutamba je? Mimi na mchumba wangu tunataka ziwa hasa, siyo ghuba. Kule tunaweza kutweka tanga?

BintiMitengo:

Mjukuu, Rutamba ni pazuri na kwa baiskeli ni safari nzuri ya bara, mnaelekea upande wa Rondo. Lakini lile ni ziwa la viboko na mamba. Tazameni kutoka juu, ongeeni na wavuvi, kuleni samaki. Msiingie na kamtumbwi ka kukodi ati kwa matembezi, na msikae ukingoni jioni. Kwa tanga, Mikindani ndiyo ziwa lenu.

Fundi Keria:

Mwambie shemeji akija Lindi tena apite Mnazi Mmoja, nitampa tyubu bure. Mtu anayeosha baiskeli kila jioni ni ndugu yangu.

baharia_wa_bara:

Dada, mke wangu anaogopa maji kabisa, ni mtu wa Tandahimba, hata pantoni anafumba macho. Nianzie wapi?

BintiMitengo:

baharia_wa_bara, usimwanzishe kwa tanga. Tafuta siku ya maji mafu, bahari haina haraka. Vukeni Msangamkuu kwa pantoni asubuhi, ni muda mfupi tu, na baiskeli zenu, umkalishe katikati siyo ukingoni. Ng'ambo aendeshe yeye mbele, wewe nyuma. Rudini jioni. Wiki nyingine, kama amekubali kwa moyo wake, njooni Mikindani, akae kwenye ngalawa ikiwa imefungwa ufukoni, maji ya magoti, aone inavyocheza. Tanga litwekwe siku atakayosema yeye. Mume wangu alichukua muda, na hata sasa asubuhi ya bamvua huwa anaangalia mlango wa ghuba mara mbili kabla ya kukubali kutoka. Namwacha aangalie.

Mwaka huu mwezi mpevu wa Oktoba hesabuni wenyewe, ondoeni siku saba, hapo ndipo pa kuanzia na mkeo. Ukishapata tarehe niandikie, nitamuuliza baba mdogo kama atakuwa nyumbani.